Klabu, karakana na kazi inayoweza kuharibika

Mwanafunzi wa uchomeleaji akimaliza kuunganisha mabamba mawili ya chuma, mshono wake unaweza kupendeza macho na bado usifae kitu. Ndiyo maana mwalimu haishii kuutazama. Anakata vipande vyembamba vinavyokatisha mshono, anavisaga mpaka uso ulingane na bamba, kisha anaweka kipande kimoja kwenye mashine ya kupindia na kukisukuma mpaka kiwe na umbo la herufi U. Kama chuma kiliyeyuka na kushikana hadi chini, kipande kinapinda salama. Kama kuna mahali hapakushika, au takataka imenaswa ndani, ufa unafunguka hapo hapo darasa zima likitazama. Kwa kanuni ya AWS D1.1 inayotumika Marekani kwa miundo ya chuma, ufa mmoja unaozidi milimita 3 kwenye uso uliopindwa kwa kawaida unatosha kumwangusha mchomeleaji. Hakuna kubembeleza wala alama za huruma.

Nimeanza na kipande hicho kwa makusudi. Mazungumzo kuhusu vilabu vya shule na mafunzo ya ufundi hujaa maneno makubwa: kujiamini, uongozi, ubunifu, kujiandaa kwa soko la ajira. Yote ni mazuri, lakini hayamwelezi mzazi wala mwanafunzi kwa nini klabu moja inamwachia kijana ujuzi wa kweli na nyingine inamwachia fulana tu. Hoja yangu ni kwamba ujuzi hujengeka pale ambapo kazi ya mwanafunzi inaweza kuharibika waziwazi, mbele ya mtu asiye na sababu ya kumpendelea, na mwanafunzi akapewa nafasi ya kuirudia baada ya kuonyeshwa alipokosea. Jina la klabu, majengo, hata somo lenyewe, vinafuata baada ya hapo. Nitaitetea hoja hii kwa kutazama zaidi shule za sekondari za Marekani, kwa sababu huko klabu na karakana zimefungwa pamoja kwa zaidi ya miaka 90, zikibebwa na sheria na fedha za umma, na matokeo yake yamechunguzwa vya kutosha, mazuri na mabaya.

Vilabu vya ndani na vya nje ya somo

Kwenye ubao wa matangazo wa shule, majina ya vilabu huwa yamepangwa bega kwa bega: sataranji, midahalo, maigizo, roboti, kilimo, biashara, afya. Kwa nje vinafanana. Kisheria na kiutendaji, viko vya namna mbili.

Namna ya kwanza ni klabu ya hiari isiyofungamana na somo lolote. Wanafunzi hukutana baada ya vipindi, mwalimu mlezi amejitolea au anapewa posho kidogo, na hakuna alama inayoingia kwenye ripoti. Sheria ya Equal Access ya mwaka 1984 inahusu vilabu vya aina hii: shule ya sekondari ya umma inayopokea fedha za serikali kuu, ikiruhusu hata klabu moja isiyohusiana na masomo, haiwezi kuikataza nyingine kwa sababu ya dini, siasa au falsafa ya wanachama wake. Mahakama ya Juu iliiunga mkono sheria hiyo mwaka 1990.

Namna ya pili ni chama cha wanafunzi kinachoishi ndani ya somo la ufundi. Sheria ya Perkins, ambayo ndiyo njia kuu ya fedha za serikali kuu kwa elimu hii (takriban dola bilioni 1.4 kwa mwaka katika miaka ya karibuni), inakitambua chama cha namna hiyo kuwa sehemu ya ufundishaji wenyewe. Anayesoma kilimo anakuwa mwanachama wa FFA. Anayesoma uchomeleaji, umeme, useremala au ufundi magari anaingia SkillsUSA. Wa afya wana HOSA, wa biashara wana FBLA, wa masoko na ujasiriamali wana DECA, na viko vingine. Mlezi wa chama ni yule yule mwalimu wa karakana, na mara nyingi kazi ya chama hufanyika ndani ya kipindi, kwa vifaa vile vile na kwa alama zile zile.

Tofauti hii inawapita watu wengi, na ina uzito. Klabu ya nje ya somo inamtegemea mwanafunzi mwenye muda wa jioni na usafiri wa kurudi nyumbani. Chama cha ndani kinamkuta mwanafunzi alipo, hata yule anayekwenda kazini kengele ya mwisho ikilia, au anayetakiwa awahi kulea wadogo zake. Kama shule inataka stadi zimfikie kila mtoto badala ya wale wenye nafasi, sehemu ya kuziweka ni ndani ya ratiba.

Fundo lilivyofungwa

Tarehe 23 Februari 1917, Rais Woodrow Wilson alitia saini sheria ya Smith-Hughes, iliyotoa fedha za serikali kuu kwa mafunzo ya kilimo, ufundi wa viwandani na sayansi kimu katika shule za sekondari. Ndani yake kuna sharti ambalo kwangu ni la busara kuliko mengi yaliyoandikwa baadaye: kila anayesoma kilimo lazima afanye kazi ya kilimo kwa vitendo, akisimamiwa, kwa angalau miezi 6 ya kila mwaka, kwenye shamba la shule au shamba lingine. Wazo lenyewe lilikuwa na mizizi tayari. Rufus Stimson, aliyeongoza shule ya kilimo ya Northampton huko Massachusetts kuanzia mwaka 1908, alikuwa akiwapa wanafunzi wake miradi ya kufanyia nyumbani, na masomo ya darasani yakifuata kile ambacho mradi umedai.

Klabu ilizaliwa kutokana na miradi hiyo. Vijana wenye miradi walihitaji mahali pa kulinganisha mazao, kubishana na kutambuliwa. Mwaka 1928, wajumbe 33 kutoka majimbo 18 walikutana Kansas City, Missouri, wakaunda Future Farmers of America, chama ambacho leo kinaitwa FFA na kina wanachama zaidi ya milioni 1. Bunge la Marekani lilikipa hati rasmi mwaka 1950. Mpaka leo walimu wa kilimo huchora duara tatu zinazopishana: darasa, mradi wa mwanafunzi, na chama. Darasani mwanafunzi anajifunza kwa nini, kwenye mradi anafanya kwa mali inayoweza kupotea, na kwenye chama anaitolea hesabu mbele ya wengine. Ukiondoa duara moja, mbili zilizobaki zinalegea.

Mradi una daftari lake, na hapa ndipo naona kazi kubwa isiyosifiwa. Chukulia mwanafunzi anayefuga kuku wa mayai. Anaandika kila mfuko wa chakula alionunua, idadi ya mayai aliyouza, kuku waliokufa, na saa alizotumia. Mwishoni mwa mwezi daftari linaonyesha faida, naye anafurahi. Mwalimu analipitia kisha anauliza maswali matatu. Banda lililojengwa na mzazi limeandikwa wapi? Umeme wa taa ya vifaranga umelipwa na nani? Na saa zako 30 umezipa thamani gani? Mahesabu yanarudiwa, na faida inageuka hasara. Kijana wa miaka 15 anayeliona jambo hilo kwa mwandiko wake mwenyewe ameelewa gharama za uzalishaji kwa namna ambayo mtihani wa kuchagua herufi hauwezi kumpa. Mwezi unaofuata anabadilisha chakula, au anapunguza kuku, au anaamua kwamba mradi haumlipi. Uamuzi huo wa mwisho nao ni ujuzi.

Sekunde 20 za sabuni

Ukitaka kuona utaratibu huo mbali na chuma na shamba, nenda kwenye darasa la afya. Shule nyingi za Marekani huwaandaa wanafunzi kuwa wasaidizi wa wauguzi. Kanuni za serikali kuu zinataka mafunzo yasiyopungua saa 75, kati yake saa 16 ziwe za vitendo chini ya usimamizi, na mwanafunzi haruhusiwi kumgusa mgonjwa kabla ya kupitishwa kwenye mambo ya msingi kama vile kuzuia maambukizi, usalama na haki za mgonjwa.

Mtihani wa vitendo una orodha ya hatua, na kunawa mikono ni mojawapo ya stadi zinazopimwa. Ni jambo ambalo kila mtu anaamini analijua. Mtahini, ambaye si mwalimu wa mwanafunzi, anatazama kama viganja viko chini ya viwiko ili maji yatiririke kuelekea kwenye vidole, kama sabuni imesuguliwa kwa angalau sekunde 20 kati ya vidole na chini ya kucha, na kama bomba limefungwa kwa karatasi safi badala ya kiganja kilichokwisha kuoshwa. Wanafunzi wanaanguka hapo. Akili hawajapungukiwa, mazoea ya miaka yote ya kunawa yanawarudisha nyuma mtahini akiwa amesimama pembeni. Wanaofaulu ni wale waliorudia mpaka mwili ukazoea, na HOSA, chama cha wanafunzi wa afya kilichoanzishwa mwaka 1976, hutumia mashindano yake kuwapa sababu ya kurudia mara nyingi kuliko ratiba ya darasa inavyoruhusu.

Mashindano yanajenga na kuharibu

Vyama hivi vyote vina mashindano: ya wilaya, ya jimbo, ya taifa. SkillsUSA, iliyoanza mwaka 1965 kwa jina la VICA na kupata jina la sasa mwaka 2004, huwaita mafundi na wahandisi walioko kazini wawe waamuzi. Kutoka hapo Marekani huchagua baadhi ya vijana wa kupeleka WorldSkills, mashindano ya kimataifa ya ufundi yaliyoanza Hispania mwaka 1950 yakihusisha Hispania na Ureno, na ambayo leo yana nchi na maeneo wanachama zaidi ya 80.

Faida yake ni mwamuzi wa nje. Mwalimu anayempenda mwanafunzi wake atamsamehe waya ulioachwa ukining'inia. Fundi umeme wa kampuni hatamsamehe. Mwanafunzi anarudi na karatasi yenye alama zilizokatwa, kila moja na sababu yake, na karatasi hiyo ina thamani kuliko medali.

Hasara inajitokeza pale mwalimu anapoanza kutafuta kombe. Anachagua wanafunzi watatu wenye mikono myepesi, anawapa mashine bora na jioni zake zote, na wengine ishirini wanabaki kufagia karakana na kupanga vyuma. Nalisema kwa uchungu kwa sababu wale ishirini ndio waliohitaji karakana zaidi. Shule inayotangaza vikombe vyake iulizwe ni wanafunzi wangapi wa darasa hilo walisimama mbele ya mwamuzi wowote, hata wa ndani ya shule, mwaka huo.

Kuna shindano moja ambalo wageni hulipuuza: la kuendesha mkutano. Timu ya FFA inapewa ajenda, mwenyekiti anakaa mezani, na wajumbe wanalazimika kutoa hoja, kuiunga mkono, kuirekebisha, kuiahirisha na kuipigia kura kwa kufuata kanuni, huku waamuzi wakihesabu makosa. Mwenyekiti akiruhusu mjumbe mmoja azungumzie jambo lililo nje ya hoja, alama zinaondoka. Katibu akikosea kuandika nani alitoa hoja, zinaondoka pia. Uongozi unaofundishwa kwa hotuba za kutia moyo huyeyuka kabla ya wiki kwisha. Unaofundishwa kwa kuandika muhtasari, kutunza fedha za chama na kumpa nafasi mpinzani wako aseme, unabaki, na una kazi katika kila kikundi cha watu ambacho kijana huyo atakiingia maishani.

Vipi kuhusu klabu za nje ya somo? Baadhi zinatimiza masharti yale yale bila karakana. Mashindano ya roboti ya FIRST, yaliyotokana na taasisi iliyoanzishwa na mvumbuzi Dean Kamen mwaka 1989, yalifanyika mara ya kwanza mwaka 1992 kwenye ukumbi wa michezo wa shule huko New Hampshire, timu 28 zikishiriki. Roboti haidanganyi: inanyanyua au hainyanyui. Tena timu inafanya kazi pamoja na wahandisi wa kweli, na wanafunzi wanawaona watu wazima wakikosea, wakipima upya na kubomoa walichojenga. Kwenye midahalo, waamuzi ni watu. Programu za midahalo kwa shule za mijini zilianza Atlanta mwaka 1985, na uchunguzi wa karibuni uliofanywa Boston ulikuta kwamba walioshiriki walipanda katika kusoma na lugha kwa kiasi kinachokaribia theluthi mbili ya yale ambayo mwanafunzi wa kawaida wa mwaka wa kwanza wa sekondari hujifunza kwa mwaka mzima. Sishangai. Ukijua mtu wa upande wa pili ameisoma makala ile ile na atakushika pale ulipoinukuu vibaya, unasoma kwa makini.

Waliofungiwa nje, na waliofungiwa ndani

Kuna sehemu ya historia hii ambayo watetezi wa ufundi hupenda kuiruka. Mwaka 1915 mwanafalsafa John Dewey alibishana hadharani na David Snedden, aliyekuwa kamishna wa elimu wa Massachusetts. Snedden alitaka shule za ufundi zimwandae kijana kwa kazi zilizopo viwandani. Dewey alikuwa mpenzi wa kujifunza kwa vitendo, lakini alikataa: mfumo unaomtenga mtoto wa mfanyakazi mapema na kumfinyanga kwa ajili ya mashine ya leo unamnyima uwezo wa kuibadilisha kesho. Sheria ya 1917 iliegemea zaidi upande wa Snedden, na kwa miongo mingi Dewey alionekana kuwa aliona mbali. Madarasa ya ufundi yaligeuka mahali pa kuwatupia watoto wa maskini, wahamiaji na weusi ambao washauri wa shule walishaamua kwamba hawana vichwa vya vitabu.

Vyama navyo vilibeba dhambi hiyo. Katika majimbo ya Kusini yenye shule za ubaguzi, wavulana weusi hawakuingia FFA. Walikuwa na chama chao, New Farmers of America, kilichokuwa cha kitaifa mwaka 1935 huko Tuskegee, Alabama. Vyama viwili viliunganishwa mwaka 1965. Alama, koti na viongozi vilivyobaki vilikuwa vya FFA, na wanachama zaidi ya 50,000 wa New Farmers waliona kazi yao ya miaka 30 ikimezwa. Wasichana waliruhusiwa rasmi kuwa wanachama mwaka 1969 tu.

Kumbukumbu hiyo ndiyo iliyochangia kubadilisha sheria. Perkins ya mwaka 1984 ilisisitiza wasichana na makundi yaliyoachwa nyuma. Marekebisho ya 2006 yaliacha kuiita elimu ya ufundi stadi na kuiita elimu ya taaluma na ufundi, yakidai masomo ya kawaida yaende sambamba na karakana. Yale ya 2018 yakaendelea na njia hiyo. Jina jipya peke yake halimwokoi mtoto. Kinachomwokoa ni hisabati ya kweli ndani ya useremala na mlango wa chuo usiofungwa nyuma yake.

Kosa la kinyume nalo lipo. Texas ilipitisha sheria mwaka 1984 iliyomzuia mwanafunzi aliyeanguka somo lolote kushiriki mashindano kwa wiki 6; mwaka 1995 muda ukapunguzwa hadi wiki 3. Nia yake naielewa: masomo kwanza. Ila mwanafunzi aliyeanguka hisabati na kusimama imara kwenye mifugo ananyang'anywa sehemu moja inayomfanya aamke aje shule. Ningependelea afungwe kwa mwalimu wa ziada kuliko kufungiwa nje ya zizi.

Utafiti unasema nini hasa

Takwimu za vilabu zina mtego wake. Wanaojiunga na klabu hufanya vizuri kuliko wasiojiunga, lakini pengine walikuwa na bidii tangu mwanzo. Ndiyo maana uchunguzi unaostahili kuaminiwa ni ule uliolinganisha vijana wanaofanana.

Mmoja ni wa taasisi ya utafiti ya MDRC kuhusu shule ndogo za taaluma ndani ya shule kubwa, muundo ulioanza Philadelphia mwaka 1969. Katika shule 9, waombaji walikuwa wengi kuliko nafasi, hivyo kura ikapigwa, na vijana zaidi ya 1,700 wakafuatiliwa. Ripoti ya mwaka 2008, miaka 8 baada ya muda wao wa kuhitimu, ilikuta waliopata nafasi wanalipwa asilimia 11 zaidi kwa mwaka, yaani kama dola 2,088, kuliko waliokosa. Faida hiyo ilikuwa kubwa hasa kwa wanaume. Hapakuwa na tofauti ya kuhitimu sekondari wala chuo: karakana haikuwavuta nyuma kimasomo, wala haikuwasukuma mbele.

Connecticut ilitazamwa kwa njia nyingine. Shule za ufundi za jimbo hilo hupokea kwa alama, kwa hiyo watafiti waliwalinganisha waliovuka mstari kidogo na waliokosa kidogo. Kwa wavulana, nafasi ya kuhitimu ilipanda kwa takriban pointi 10 za asilimia, na mapato yao walipofika miaka ya mwanzo ya 20 yalikuwa juu kwa karibu theluthi moja. Kwa wasichana hapakuonekana tofauti. Mimi nalisoma jambo hilo kama onyo kuhusu fani: msichana akielekezwa kwenye ususi na utunzaji wa watoto, na mvulana kwenye umeme na mabomba, cheti kinaweza kuwa na hadhi moja na mshahara ukawa mbali kabisa.

Halafu kuna uchunguzi wa Eric Hanushek na wenzake wa mwaka 2017, uliotumia takwimu za nchi 11. Waliosoma ufundi huingia kazini kwa urahisi zaidi wakiwa vijana, lakini umri ukienda mwelekeo unageuka, na waliosoma elimu ya jumla hubaki kazini zaidi. Hali hiyo ilikuwa na nguvu zaidi kwenye nchi za uanagenzi, kama Ujerumani. Wapo wanaoutumia uchunguzi huu kuipinga karakana yote. Sioni kama unasema hivyo. Unachoonyesha ni kwamba ujuzi mwembamba huzeeka teknolojia ikibadilika, na kwamba anayejua kuendesha mashine moja tu yuko kwenye hatari kuliko anayejua kwa nini mashine hiyo inafanya kazi.

Ujerumani yenyewe inastahili neno. Huko klabu haihitajiki ili kumleta mwamuzi wa nje, maana mfumo mzima ni wa nje. Chini ya sheria ya mwaka 1969, kijana anatia saini mkataba na kampuni, analipwa, anakaa kazini siku 3 au 4 za wiki na shuleni zilizobaki, kwa miaka 2 hadi 3 na nusu, katika fani mojawapo kati ya 330 hivi zinazotambuliwa. Mwishoni hutahiniwa na jopo lenye waajiri, wawakilishi wa wafanyakazi na walimu, chini ya chemba ya biashara au ya mafundi. Kampuni haiwezi kumfundisha upuuzi kwa miaka mitatu, kwa sababu atapimwa na watu wa kampuni nyingine. Marekani haina chemba hizo. Vyama vya wanafunzi na mashindano yake vinajaribu kuziba pengo hilo, kwa gharama ndogo na kwa uhakika mdogo zaidi.

Cha kuangalia kabla ya kujiandikisha

Swali la kwanza kwa shule liwe juu ya kinachofanyika Jumatano ya kawaida, siku isiyo na mashindano wala wageni. Nani ameshika kifaa, na wengine wanafanya nini? La pili ni nani anayepima kazi asiye mwalimu. La tatu linahusu kosa: mwanafunzi akiharibu, anarudia lini, na vifaa vya kurudia vipo? Karakana isiyo na vyuma vya kuharibu haiwezi kumtoa fundi.

Vyeti viulizwe kwa jina. Kadi ya saa 10 ya OSHA, idara ya serikali kuu ya Marekani ya usalama kazini, ni ya uelewa wa usalama huo tu. Inafaa kila mwanafunzi awe nayo, lakini haimpi sifa ya fani yoyote, na shule ikiihesabu pamoja na vyeti vya ufundi inajaza takwimu tu. Cheti cha mchomeleaji aliyefaulu kupindwa kwa vipande vyake, au cha msaidizi wa muuguzi kinachotambuliwa na jimbo, kina mwajiri anayekihitaji. Piga simu kwa waajiri wawili wa fani hiyo uwaulize. Majibu yao ni ya haraka na ya wazi kuliko kijitabu chochote cha shule.

Kuhusu kuchagua fani mapema mno, shule nyingi za ufundi za Massachusetts zina jibu ninalolipenda. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza huzungushwa kwenye karakana kadhaa kabla hajachagua moja, kisha kwa miaka iliyobaki hupishanisha wiki ya masomo na wiki ya karakana. Kijana aliyeingia akitaka kuchora kwa kompyuta hugundua kwamba mikono yake inapenda mabomba, na hugundua hilo akiwa na miaka 14, wakati kubadili nia hakugharimu kitu.

Gharama zisizoandikwa zichunguzwe pia: ada ya uanachama, sare, nauli ya mashindano, hoteli ya mkutano wa taifa. Chama kilichomo ndani ya somo kinaweza kugeuka cha wenye uwezo kupitia mlango huo, bila mtu yeyote kukusudia. Matawi mengine huchangisha kwa kuuza miche au kutengeneza meza za bustani kwa oda, na hiyo ni bora kuliko kuwaomba wazazi, kwa kuwa mteja wa meza naye ni mwamuzi wa nje.

Mwalimu ndiye kiungo kigumu kupatikana. Fundi umeme mzuri hupata zaidi kazini kuliko darasani, na anayekubali kufundisha anakuta anatakiwa kuwa mlezi wa chama, dereva wa basi la mashindano, mkaguzi wa madaftari na mtafuta mifuko ya simenti ya msaada. Kwa walimu wa kilimo, shule nyingi huwaandikia mikataba inayovuka mwaka wa masomo na kuingia likizo ya kiangazi, kwa sababu ng'ombe wa mradi hawaendi likizo na mwalimu lazima apite kuwaona nyumbani kwa mwanafunzi. Wilaya inayofuta mikataba hiyo ili kubana matumizi bado itakuwa na duara tatu ukutani, lakini ile ya mradi haitakuwa na msimamizi, na daftari la kuku litaendelea kuonyesha faida ambayo haipo.